Mifupa Mbele ya Hakimu: Utangulizi wa Anthropolojia ya Mahakama na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania liliifanyia marekebisho Sheria ya Tafsiri za Sheria, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na lugha ya mahakama za ngazi zote, ila pale ambapo haki yenyewe itadai lugha nyingine itumike. Hapo awali Kiswahili kilikuwa kimezoeleka katika Mahakama za Mwanzo, na katika mahakama za juu Kiingereza ndicho kilichotawala kumbukumbu na hukumu. Badiliko hilo limewatwisha mzigo watu ambao hawakuzoea kujihesabu kuwa watumishi wa lugha: daktari anayeandika taarifa ya uchunguzi wa maiti, mkemia anayeeleza matokeo ya maabara, askari anayejaza fomu, na mfasiri anayeketi baina yao na hakimu.

Katika makala haya tutazungumzia taaluma moja ambayo istilahi zake bado hazijatulia katika Kiswahili, nayo ni ile inayoisoma mifupa ya binadamu kwa ajili ya sheria. Madhumuni yetu ni mawili. Kwanza, kumpa msomaji picha ya jumla ya taaluma hiyo na jinsi inavyosomwa. Pili, kuonyesha kwamba shida kubwa ya istilahi zake haiko katika majina ya mifupa, bali katika maneno yanayoeleza ni kwa kiasi gani mtaalamu anaujua ukweli. Neno likipita kiwango cha ushahidi, mtu anaweza kufungwa kwa kosa ambalo halikutendeka, au ukoo ukamzika mtu asiyekuwa wao.

Ili hoja zetu zisielee hewani, tutatumia mfano wa kubuni uliowekwa Kimamba. Kimamba ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, wenye stesheni ya Reli ya Kati, na uliokuzwa na mashamba ya mkonge. Mashamba ya mkonge ya nchi hii yalivuta vibarua wa mkataba kutoka mbali, wale walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Ardhi ya namna hii huweza kuwa na wafu wa nyakati nyingi: wenyeji wa kale, vibarua waliofia ugenini, na watu wa miaka ya karibuni. Basi tuseme mkulima mmoja anang'oa visiki katika shamba lililokuwa la mkonge, na jembe lake linaibua mifupa. Mwenyekiti wa kitongoji anaitwa, na polisi wanaarifiwa. Tangu hapo kila mtu atakayeandika habari za mifupa hiyo atahitaji maneno.

JINA LA TAALUMA

Neno anthropolojia limekwisha kupata makazi katika Kiswahili, nalo lina maana ya elimu inayomchunguza binadamu, mwili wake na utamaduni wake. Ugumu uko katika sifa inayolifuata. Baadhi ya waandishi husema anthropolojia ya jinai, wengine ya kisheria, wengine ya mahakama.

Sifa ya jinai ina kasoro kwamba inatangulia kutoa hukumu. Si kila mfupa unaochunguzwa ni wa mtu aliyeuawa. Wengine walikufa kwa mafuriko, kwa ajali ya treni, au kwa maradhi. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, iliyotungwa mwaka 1980, inahusu vifo vya ghafla na vyenye utata hata pale ambapo hakuna mshtakiwa. Sifa ya kisheria nayo ni pana mno, kwani huweza kufahamika kama "iliyoruhusiwa na sheria". Tunaona kwamba anthropolojia ya mahakama ndiyo yenye nafuu. Hata katika Kilatini, asili ya neno linalotumiwa na lugha za Ulaya ni uwanja wa soko ambapo watu walikutana na mashauri yakasikilizwa. Waswahili tunalo baraza, mahali pa maongezi na pa kukata mashauri pia. Kwa hiyo dhana yenyewe si ngeni kwetu.

Yafaa pia kuitofautisha taaluma hii na patholojia. Daktari wa patholojia hushughulika hasa na mwili wenye nyama na viungo vya ndani, na ndiye anayetamka sababu ya kifo. Mwanaanthropolojia wa mahakama huitwa pale ambapo mwili umeoza, umeungua, umetawanyika au umebaki mifupa mitupu. Yeye humsaidia daktari. Hachukui nafasi yake.

MASWALI YA MWANZO

Mbele ya mifupa ya Kimamba mtaalamu hujiuliza maswali manne kwa taratibu.

(a) Je, ni ya binadamu? Wilaya ya Kilosa inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na mifupa ya wanyama si jambo la ajabu huko. Mbavu za mbuzi humdanganya asiyejua, na mifupa ya kiganja cha nyani hufanana na ya mtoto. Hapa lugha yetu ina utajiri wa kutumia: maiti ni ya mtu, mzoga ni wa mnyama. Kabla ya swali hili kujibiwa, taarifa iseme "mifupa" tu.

(b) Je, ni ya kale au ya karibuni? Mlambalasi, mkoani Iringa, ni mahali alipofia Mtwa Mkwawa mwaka 1898. Lakini katika pango la hapo hapo wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya watu walioishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mahali pamoja huweza kuwa na wafu waliotenganishwa na karne mia. Mifupa ya kale ni ya mwanaakiolojia. Ya karibuni ni ya polisi na hakimu.

(c) Je, ni ya watu wangapi? Mtu mmoja hana mafupaja mawili ya kushoto. Yakipatikana matatu, basi watu ni watatu au zaidi. Istilahi inayopendekezwa mara kwa mara ni "idadi ya chini", nayo ina hatari ya kufahamika kama "idadi ndogo". Sisi tunapendelea idadi isiyopungua: "mifupa hii ni ya watu wasiopungua watatu". Msemo huu umekaa katika Kiswahili cha kila siku, na hakuna wakili atakayeupotosha.

(d) Je, imetolewaje ardhini? Neno fukua limezoeleka katika habari za makaburi, lakini lina harufu ya fisi na ya haraka. Chimbua lina maana ya kutoa kwa uangalifu kitu kilichofukiwa, nalo limekwisha kutumika katika akiolojia. Tunashauri uchimbuaji litumike kwa kazi ya kitaalamu, yenye vipimo, picha na ramani, na ufukuaji libaki kwa amri ya mahakama ya kufungua kaburi linalojulikana, kwani hivyo ndivyo lilivyozoeleka.

WASIFU WA MWILI

Baada ya hapo mtaalamu hutafuta mambo manne ambayo kwa pamoja tunayaita wasifu wa mwili: umri, jinsi, kimo na asili. Kitenzi kinachostahili katika mambo haya yote ni kukadiria. Si kubaini, wala kuthibitisha.

Umri wa mtoto hukadiriwa vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa sababu meno huota kwa ratiba na ncha za mifupa mirefu huungana na shina la mfupa kwa ratiba. Mwisho wa ndani wa mtulinga ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa sana kuungana. Kazi hiyo hukamilika katika miaka ya ishirini na kitu, pengine karibu na thelathini. Baada ya umri huo mwili haujengi tena bali huchakaa, na uchakavu hutegemea kazi na lishe. Kwa hiyo ripoti njema husema "kati ya miaka 35 na 50". Mfasiri anayeandika "miaka 42" kwa kuchukua wastani ameongeza neno ambalo mfupa haukulisema.

Jinsi, yaani ume au uke wa mwili, husomwa hasa katika fupanyonga, kwa kuwa la mwanamke limeumbwa liweze kupitisha mtoto. Kisha katika fuvu. Katika mifupa ya watoto dalili hizo bado hazijajitokeza. Tunatumia jinsi badala ya jinsia kwa makusudi. Siku hizi jinsia limechukua maana ya nafasi ya mwanamume na mwanamke katika jamii, na mfupa hauna habari na nafasi ya mtu katika jamii.

Kimo hukadiriwa kwa kupima mifupa mirefu, hususan fupaja na muundi, kisha kutumia kanuni za hesabu. Kanuni zilizoenea sana ni zile zilizochapishwa na Trotter na Gleser mwaka 1952, ambazo zilitokana na miili ya Wamarekani. Uwiano wa mguu na kiwiliwili haufanani kwa watu wote duniani, kwa hiyo kanuni iliyotungwa kwa watu wengine ikitumiwa kwa mtu wa Kilosa huweza kukosea kwa sentimita kadhaa. Ripoti haina budi kutaja kanuni iliyotumika na kiasi cha kosa kinachotarajiwa.

Jambo la nne, asili, ndilo lenye hatari kubwa kwa mfasiri. Wataalamu wa nchi za kigeni huzungumzia ukoo wa mbali wa mtu, yaani sehemu ya dunia walikotoka mababu zake, na hata hilo siku hizi wengi wanalitilia mashaka. Tumekwisha kuona tafsiri zinazosema kabila. Hilo ni kosa. Kabila ni lugha, mila na mapokeo. Halimo katika mfupa. Hakuna mtaalamu awezaye kutazama fuvu na kusema kuwa hili ni la Mkaguru, hili la Msagara, na hili la mgeni aliyekuja kukata mkonge.

Mfano wa Rwanda unatosha kutuonya. Mwanzoni mwa mwaka 1996 wataalamu walichimbua kaburi la halaiki karibu na kanisa la Kibuye na kutoa miili ya watu zaidi ya 400. Ushahidi wao ulipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, katika kesi ya Clément Kayishema, ambaye alihukumiwa Mei 1999. Mifupa ilieleza umri, jinsi na majeraha. Kwamba waliouawa walikuwa Watutsi, na kwamba waliuawa kwa sababu hiyo, kulielezwa na ushahidi mwingine, hususan wa manusura.

JERAHA NA UHARIBIFU

Kwa wanasheria, sehemu hii ndiyo nyeti kupita zote. Mfupa uliovunjika huweza kuwa umevunjika katika nyakati tatu. Ukivunjika mtu akiwa hai akaendelea kuishi, kingo zake huanza kuviringana na mfupa mpya huota. Ukivunjika karibu na kifo, haujapata muda wa kupona, lakini ulikuwa bado mbichi, nao hupasuka kama kijiti kibichi. Ukivunjika muda mrefu baada ya kifo, huwa mkavu; hukatika kama kigae, na sehemu iliyokatika huwa na rangi tofauti na mfupa wote.

Katika mfano wetu wa Kimamba, fuvu lina ufa. Je, ni rungu, au ni jembe la mkulima? Mchwa hutafuna mfupa, fisi huuguguna, mizizi huchora mistari juu yake, na trekta huuvunja. Ripoti ikiyaita yote haya "majeraha", hakimu atafikiri marehemu alishambuliwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwa nguvu kwamba jeraha litumike kwa kile kilichompata mtu akiwa hai au karibu na kifo, na uharibifu kwa kile kilichoupata mfupa baadaye. Kiswahili chenyewe kinatuelekeza hapo: hatusemi kwamba gogo limejeruhiwa. Na pale ambapo mtaalamu hawezi kutenganisha nyakati hizo, basi aandike mvunjiko, neno ambalo halisemi ni lini wala ni nani.

KULINGANA SI KUTAMBULIWA

Tumefika katika kiini cha mada yetu. Kati ya mfupa usiojulikana na jina la mtu pana ngazi, na kila daraja yake yahitaji neno lake. Daraja ya kwanza ni kadirio, ambalo tumelieleza. Ya pili ni uenguaji: kumwondoa katika orodha mtu asiyeweza kuwa mwenye mifupa hiyo. Ya tatu ni mlingano: hakuna kipingamizi baina ya mifupa na mtu anayedhaniwa. Ya nne ni utambuzi: mifupa ni ya fulani na si ya mwingine.

Historia yetu ina mfano unaojulikana na wengi. Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani walikichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza, lakini halikukabidhiwa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen. Katika mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki yalichaguliwa yale ambayo uwiano wa upana na urefu wake ulikaribiana na ule wa vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na miongoni mwa hayo likachukuliwa lililokuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Heshima ambayo Wahehe wamelipa fuvu hilo ni jambo la watu wenyewe, na makala haya hayana la kusema juu yake. Tunachotaka ni kuitazama lugha ya utaratibu uliotumika. Uwiano wa upana na urefu wa kichwa ni wa watu wengi sana; unaweza kuengua, hauwezi kutambua. Tundu la risasi huongeza uzito, lakini waliokufa kwa risasi katika vita vile hawakuwa wachache. Kwa mizani ya leo, kilichopatikana Bremen ni mlingano.

Tulinganishe na habari za Berlin. Shirika la urithi wa utamaduni wa Prussia lilichunguza asili ya mafuvu 1,135 yaliyokusanywa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, na mwaka 2023 likatangaza kwamba 202 yalitoka sehemu ambazo sasa ni Tanzania, na 904 sehemu ambazo sasa ni Rwanda. Kwa kuoanisha maandishi ya zamani na vinasaba, jamaa walio hai wa watu watatu walipatikana Kilimanjaro. Hata hivyo fuvu la Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, halikupatikana miongoni mwa yaliyochunguzwa. Tazama tofauti: katika mafuvu zaidi ya elfu moja, yaliyopatiwa jamaa walio hai ni matatu. Uchache huo ndio unaoonyesha jinsi utambuzi ulivyo mgumu, na kwa nini neno lenyewe lisitumiwe ovyo.

MAAFA YA WAKATI WETU

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya makumbusho tu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilipoteza breki mkoani Dodoma, kwenye Reli ya Kati ile ile ipitayo Kimamba, na watu zaidi ya 280 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililopinduka Msamvu, mjini Morogoro, liliwaka moto na kuua watu zaidi ya 100. Miili mingi iliungua hata sura zisitambulike, na sampuli za vinasaba zikachukuliwa. Nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilichimbuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili ya kwanza kutambuliwa kwa vinasaba ilikabidhiwa kwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Katika muda huo wa kungoja, ofisa huwaandikia jamaa barua. Je, aandike nini? "Mabaki" ni neno lililoenea magazetini, lakini kwa mzazi ni neno la chakula kilichosalia. Tunashauri mabaki ya mwili litumike katika orodha za maabara, na barua kwa jamaa iseme mwili wa marehemu au mifupa ya marehemu. Aidha, barua isiseme "ametambuliwa" pale ambapo maabara imesema "inalingana".

ANAYETAKA KUISOMA TAALUMA HII

Mwanafunzi huanza na anatomia, ajue mifupa 206 ya mtu mzima kwa kuishika na si kwa kuitazama kitabuni tu, na ajue kwamba mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi kwa kuwa bado havijaungana. Kisha hujifunza uchimbuaji kwa wanaakiolojia, takwimu kwa wanahesabu, na taratibu za ushahidi kwa wanasheria. Nchini mwetu elimu hizi zinapatikana mahali mbalimbali: anatomia na patholojia Muhimbili, akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uchunguzi wa vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009. Mwanafunzi hujifunza pia jinsi mwili unavyooza. Kituo mashuhuri cha utafiti huo kilianzishwa Tennessee, Marekani, mwaka 1981. Lakini joto, mvua na wadudu wa Tennessee si wa Kilosa, na takwimu zake haziwezi kuhamishwa bila kupimwa upya.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Anthropolojia ya mahakama: elimu ya kuchunguza mifupa na mabaki ya mwili wa binadamu kwa ajili ya sheria.
Wasifu wa mwili: umri, jinsi, kimo na asili kama vinavyokadiriwa kutokana na mifupa.
Idadi isiyopungua: hesabu ya watu ambayo mifupa iliyopo haiwezi kuwa pungufu yake.
Kadirio: jibu lenye mipaka ya juu na ya chini.
Uenguaji: kumwondoa mtu katika orodha ya wanaodhaniwa.
Mlingano: hali ya kutokuwapo kipingamizi baina ya mifupa na mtu anayedhaniwa.
Utambuzi: uthibitisho kwamba mifupa ni ya mtu fulani peke yake.
Jeraha: dhara lililompata mtu akiwa hai au karibu na kifo.
Uharibifu: dhara lililoupata mfupa baada ya kifo.
Mvunjiko: hali ya mfupa kuvunjika, bila kutaja wakati wala sababu.

HITIMISHO

Istilahi hizi si sanifu mpaka zipitie taratibu za usanifishaji. Hapa tumezitoa ili zijadiliwe. Tunawaomba madaktari, mahakimu, walimu na wafasiri wazijaribu katika kazi zao na watuletee maoni, hasa pale zinapokwama. Mifupa ya mfano wetu wa Kimamba haiwezi kumsahihisha anayeisemea. Ikiwa ni ya kibarua aliyezikwa kwa namba, au ya mtu anayetafutwa na mama yake hadi leo, haki yake ya mwisho ni kuandikwa kwa maneno yasiyozidi wala kupunguza kile kinachojulikana.